Nakala yangu ya bustani ya Botticelli haikauki, tena imelala bapa: niendelee au niache?

"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mchoraji wa hina na piko hapa Kibokoni, Mombasa, na mwaka huu nimeamua kujifunza rangi za mafuta. Mwalimu sikupata, nikajiambia nitajifunza kwa kunakili picha kubwa za zamani. Nilichagua ile ya Botticelli, mchoraji wa zamani wa Italia, ya bustani ya michungwa, Primavera, kwa sababu nguo na maua yake yalinivutia mno. Niliichora yote kwa penseli kwenye kanvasi ya futi tatu kwa mbili, kisha nikajaza rangi sehemu baada ya sehemu. Sasa ni wiki ya nne, majani na nyuso bado zanata mkononi. Mafuta ya kitani niliyakosa, nikatia mafuta ya nazi kidogo ili kulainisha. Kijani chote kimegeuka tope, nyuso zimekuwa chaki, na picha nzima imelala bapa, haina kina. Nachora usiku chumbani mtoto akilala, mchana naisukuma chini ya kitanda, na thina ya kuzimulia rangi inaniumiza kichwa. Shangazi naye aniambia kunakili ni wizi, tena mwiga tembo hupasuka msamba. Niendelee, nianze upya, au niache?"

Waaleikum salaam, dadangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, na moja haliwezi kungoja zamu yake: thina. Usiifungue tena katika chumba anacholala mtoto, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia chini, na chini ndiko mtoto aliko. Kichwa kukuuma ni mwili kukwambia umeshavuta mwingi kupita kiasi. Ukishaacha kuitumia na kichwa bado chauma, au mtoto akianza kukohoa, kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida, nenda hospitali na uwaeleze waziwazi ni kitu gani mmevuta. Na Mungu apishe mbali, mtoto akiinywa, usimtapishe; mkimbize hospitali hivyo hivyo pamoja na chupa yenyewe.

Wala huihitaji. Rangi za mafuta zinaweza kufanyiwa kazi mwanzo hadi mwisho bila thina wala tapentaini. Brashi ipanguse kwa kitambaa mpaka rangi ikome kutoka, ichovye kwenye mafuta ya kupikia, ipanguse tena, halafu ioshe kwa sabuni ya kipande na maji ukiisugua kiganjani mpaka povu litoke jeupe. Hapo, kwenye kuosha brashi, ndipo mafuta ya jikoni yanapofaa, na hata hapo sharti yaondoke yote kabla ya brashi kurudi kwenye rangi.

Jambo jingine la usalama ambalo hukuuliza: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyafinyange ukayarundika kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kwenye rundo lililobanwa joto halina pa kutokea. Hupanda mpaka kitambaa kikashika moto chenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja kwenye kamba nje mpaka yawe makavu na magumu, au yatie ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko. Na kwa kuwa kazi yako ni ngozi za watu, bakuli, koni na vijiti vya hina visikutane kamwe na vyombo vya rangi hizi. Baadhi ya rangi za mafuta zina metali ambazo si za kugusa mwili wa bibi harusi.

Sasa mafuta ya nazi. Wengi hudhani rangi ya mafuta hukauka kwa kuvukiza kitu fulani kilichomo ndani yake. Sivyo. Mafuta ya kitani, ambayo madukani wengi huyaita linsidi, hayaendi popote: huvuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zikashikana hii na ile, mpaka ute ule ukawa utando mgumu usioyeyuka tena. Ndiyo maana picha iliyopakwa leo, ukiipima baada ya siku chache, huwa imeongezeka uzito kidogo badala ya kupungua. Ila si mafuta yote yenye tabia hiyo. Ya kitani na ya jozi hukauka. Ya alizeti hukauka kwa kusuasua. Ya zeituni na ya nazi hayakauki kabisa, kwa sababu muundo wake hauna mahali pa kupokea oksijeni ya kutosha. Ndiyo sifa inayoyafanya mazuri kwa nywele: hubaki laini. Kwenye kanvasi sifa hiyo ni balaa.

Kwa hiyo palipoingia nazi, usipangoje. Hapatakauka wiki ya nne wala mwaka wa nne. Usiianike juani, kwani jua litayalegeza mafuta tu. Wala usipake rangi mpya juu ukidhani utaifunika. Ya juu itakauka, ya chini itabaki ikiteleza, na baada ya miezi utaona nyufa na mabamba yakibanduka. Kwangua kwa kisu butu, pangusa kwa kitambaa kikavu mara nyingi uwezavyo, halafu iweke kanvasi hiyo kando kwa mazoezi ya kujaribia mchanganyiko wa rangi. Najua umeikalia wiki nne. Lakini kanvasi iliyokunywa mafuta ya nazi haiwezi kubeba picha ya kudumu, na singependa utie nguo za harusi juu ya msingi wa namna hiyo.

Watu watakwambia pia kwamba tatizo ni unyevu wa pwani. Unyevu huchelewesha kidogo, hasa wakati wa masika, lakini joto letu nalo huharakisha, kwa hiyo kwa jumla Mombasa si mahali pabaya pa kukaushia rangi. Kinachoiua ni uvungu wa kitanda. Giza na hewa iliyotuama huchelewesha kukauka, na giza hufanya mafuta ya kitani yageuke manjano. (Ikikutokea, usihuzunike: picha ikiwekwa mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, umanjano huo hupungua sana wenyewe.) Itundike ukutani juu, mbali na vidole vya mtoto, sehemu inayopitiwa na upepo. Zaidi ya hapo kila rangi ina mwendo wake. Hudhurungi ya amba, ambayo ni udongo wenye madini ya manganizi, hukauka kwa siku moja au mbili ikipakwa nyembamba, kwa sababu manganizi huchochea oksijeni ishike. Nyeupe ya titani yaweza kuchukua wiki. Nyeusi na baadhi ya nyekundu hukawia zaidi.

Hayo ni ya jikoni. Linalonishughulisha mimi zaidi ni lile ulilolipitia haraka: picha imelala bapa. Nadhani hata ungepata mafuta ya kitani bora kuliko yote ingelala vilevile, kwa sababu Primavera si picha ya rangi za mafuta.

Botticelli aliichora mjini Florence karibu mwaka 1480, juu ya mbao, ukubwa wa mita mbili kwa zaidi ya mita tatu, na leo iko katika jumba la makumbusho la Uffizi mjini humo. Aliichora kwa tempera, yaani unga wa rangi uliochanganywa na kiini cha yai. Rangi ya yai hukauka kabla hujageuka kuchovya brashi tena. Huwezi kuisambaza, huwezi kuilainisha ukingoni, huwezi kurudi baada ya nusu saa ukaichanganya na jirani yake. Mchoraji hujenga kivuli kwa vistari vyembamba mno vilivyolazwa kimoja kando ya kingine, mamia kwa mamia, na umbo hushikiliwa na mstari wa nje. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika mwongozo wa kazi hii karibu mwaka 1400, anashauri hata ni yai la kuku gani utumie: kwa nyuso za vijana, kiini cha kuku wa mjini kwa sababu kimepauka, kwa watu wazima wenye ngozi iliyokolea, kiini cha kuku wa shamba. Wakenya tunaogombania kuku wa kienyeji na kuku wa gredi tunamwelewa mzee huyu vizuri sana.

Sasa jitazame wewe. Hina ni sanaa ya mstari. Mkono wako unajua kuvuta ua bila kuinua koni, unajua unene na wembamba, unajua kujaza ndani ya mpaka. Ulipoingia kwenye mtandao ukapita mamia ya picha, jicho lako lilisimama kwa bwana mkubwa wa mstari. Hukukosea kuipenda. Ila ulijipa kazi ya kuigiza kwa rangi inayochelewa kukauka kitu kilichofanywa kwa rangi inayokauka papo hapo, na ukaifanya kwa utaratibu wa hina: chora mpaka, jaza ndani. Rangi za mafuta zinakwenda kinyume. Huanza na mabonge makubwa ya giza na mwanga, bila mistari, na umbo hutokea pale giza na mwanga vinapokutana. Mpaka huja mwisho, na mara nyingi hauji kabisa.

Kuna la kijani pia. Majani ya Primavera yamekuwa meusi kwa umri. Hata baada ya picha kusafishwa mwaka 1982 na maua yakaonekana upya, kichaka cha nyuma kimebaki chenye giza kuliko kilivyokuwa siku ya kwanza. Ulikuwa unahangaika kufananisha kijani ambacho Botticelli mwenyewe hakukipaka.

Una njia tatu, na nitazipima kwa haki. Unaweza kubaki na Primavera lakini uchukue kipande kimoja tu, kwa mfano vazi lenye maua la Flora, mungu wa kike wa maua, na ukichore kwa akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, kwenye karatasi nene. Akriliki hukauka upesi, itakubali vistari vyako, na utafurahi. Ni kazi nzuri, ila haitakufundisha mafuta. Njia ya pili ni kuacha kunakili kabisa ukachora vitu halisi mezani. Walimu wengi watakwambia hiyo ndiyo njia ya pekee. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mtu anayejifunza peke yake usiku, bila mwalimu, hunufaika sana akiwa na kazi iliyokwisha mbele yake inayomjibu kila anapokwama. Ya tatu, ambayo ndiyo ningekushauri, ni kubaki na bustani na hadithi za kale za Wagiriki na Warumi unazozipenda, lakini uchague bustani iliyochorwa kwa mafuta tangu mwanzo.

Ziko nyingi. Titian wa Venice alichora bustani iliyojaa watoto wenye mabawa wakichuma matufaha mbele ya sanamu ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kazi ya takriban mwaka 1518 na 1519 iliyoko leo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Ni nzuri, ila ina watoto wengi hata kuhesabu ni shida, na kila mmoja ana mguu uliokunjwa kwa namna yake. Si ya kuanzia. Mimi ningechukua ile ya John William Waterhouse ya mwaka 1904, Psyche akifungua mlango wa bustani ya Cupid, iliyoko katika jumba la makumbusho la Harris mjini Preston, Uingereza. Msichana mmoja, mlango wa mbao, vazi la waridi, mawaridi. Tena amejisitiri kuliko wale watatu wa Botticelli wanaocheza ngoma, kwa hiyo shangazi atakuwa na neno moja pungufu. Brashi ya Waterhouse inaonekana wazi, hasa kwenye majani na maua, na hilo ndilo unalolihitaji: uone mahali alipoweka rangi na kuiacha.

Na kama wasema hadithi hii ni ya wengine, mwandishi aliyetuachia kisa kirefu cha Psyche ni Apuleius wa karne ya 2, mzaliwa wa Madauros, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita Aljeria leo. Psyche ni binti mzuri kupita kiasi, Venus anamwonea wivu, anamtuma mwanawe Cupid amwadhibu, na Cupid mwenyewe ananaswa. Mlango katika picha ndio unaomwingiza Psyche katika makao ya mpenzi ambaye hajamwona uso.

Kanvasi kubwa iache. Chukua hadibodi au plaiwudi ya sentimita 30 kwa 40, paka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi, mara mbili pande zote mbili ili unyevu usiipinde, ukisugua msasa laini katikati. Usitumie rangi ya kuta. Kwa mazoezi itavumilika, lakini hufyonza mafuta bila mpangilio na nyingine hubanduka. Picha yenyewe ichape mara mbili, moja ya rangi na moja nyeusi na nyeupe. Hiyo ya pili ndiyo mwalimu wako kwa wiki mbili za kwanza. Gawa zote kwa miraba, na ubao wako pia. Mkono wako wa hina utalimaliza hili kwa jioni moja, ila jizuie: weka alama za mahali tu, kichwa kiko wapi, mlango unaishia wapi, na usivute mstari hata mmoja wa ua.

Halafu chukua hudhurungi ya amba peke yake. Isugue ubaoni nyembamba kwa brashi ngumu, bila mafuta ya kuongeza, mpaka ubao wote uwe na rangi ya chai ya rangi. Kwa kitambaa, futa pale penye mwanga: shavu, bega, vazi. Kwa brashi, ongeza pale penye giza. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki mabonge matatu au manne tu, na uyachore hayo. Hutakuwa na mstari wa kujificha nyuma yake. Itakuudhi. Itafanana na kitu kilichofifia kwenye ukungu, na utatamani sana kuchukua brashi nyembamba uzungushie uso. Usifanye hivyo. Ukiona kwamba ukisimama hatua tano nyuma msichana na mlango vinajitokeza bila mstari wowote, umeshapata kile ambacho wiki nne za Primavera hazikukupa. Ipige picha kwa simu, iondoe rangi, iweke kando ya ile uliyochapa. Mahali zinapotofautiana ni mahali pa kurekebisha, na kwa kuwa ni amba tupu, unarekebisha kwa kitambaa tu.

Iache siku mbili au tatu. Ikiwa haitii alama kidoleni, anza rangi. Sheria ya kukumbuka ni kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kidogo kuliko la chini, kwa sababu lenye mafuta machache hukauka mapema na kukakamaa. Likiwa juu, la chini likiendelea kujinyoosha na kujikunja, la juu litapasuka. Kwa hiyo tabaka la pili tone moja la mafuta ya kitani, la tatu labda mawili. Zaidi ya hapo unajitafutia umanjano na mikunjo.

Huhitaji rangi nyingi: nyeupe ya titani, manjano ya oka, nyekundu moja, amba, bluu ya altramarini, na nyeusi. Kijani cha tyubu kiache dukani. Kijani chako kiligeuka tope kwa sababu, nadhani, ulianza na kijani kikali, ukakitia nyeusi kupata kivuli na nyeupe kupata mwanga. Nyeusi hukiua na nyeupe hukifanya kiwe baridi na cha unga. Jaribu hivi: changanya nyeusi kidogo na manjano ya oka. Utashangaa, kinatoka kijani cha zeituni, kilichotulia, ambacho ndicho majani mengi ya picha za kale yalivyo. Kwa majani yaliyo mbali tia bluu. Kwa yanayopigwa na jua ongeza oka kabla hujafikiria nyeupe. Na kijani kikikuchoma macho, tia chembe ya nyekundu, kitanyamaza. Kanuni ya bustani ni kwamba sehemu kubwa ya majani iwe tulivu ili ua moja liweze kusema. Ukitaka kuthibitisha, nenda Haller Park kule Bamburi saa kumi jioni, uangalie mivinje ile inavyokuwa ya kijivu kuliko kijani, na ukijani wa kweli unaonekana kwenye jani moja moja tu mwanga unapopenya kutoka nyuma.

Nyuso zilikuwa chaki kwa sababu hiyohiyo ya nyeupe, na kwa sababu nyingine ya ziada. Katika desturi ya tempera ya Italia, kama Cennini anavyoeleza, ngozi hupakwa kwanza udongo wa kijani, ndipo waridi huja juu yake. Ukijani hupenya kidogo kwenye kivuli na uso ukapata uhai. Wewe uliona kile cha juu tu. Kwa mafuta, anza ngozi kwa oka na nyekundu kidogo, punguza ukali kwa bluu au amba upande wa kivuli, na nyeupe ije mwisho, mahali padogo. Kata kitundu kidogo katikati ya karatasi nyeupe, kiweke juu ya shavu la Psyche, utazame rangi hiyo pekee. Utaiona ina giza kuliko ulivyodhani. Ubongo hukuambia "ngozi ya Mzungu, nyeupe", na mkono ukafuata ubongo badala ya jicho.

Kazi hii ikiwa inaendelea, chora kitu kingine kando yake, kidogo, cha kwako. Wakaa Mji wa Kale, umezungukwa na milango ya mbao iliyochongwa ambayo watalii huipiga picha kutwa. Chagua mmoja ambao jua huupiga pembeni asubuhi, uone nakshi zinavyopotea kabisa katika kivuli na kujitokeza katika mwanga. Jicho lako litataka kuchora kila nakshi, kwa kuwa wazijua zote. Chora zile tu unazoziona saa hiyo. Mlango wa Waterhouse utakufundisha kuutazama wa Kibokoni, na wa Kibokoni utakuonyesha Waterhouse aliacha nini nje.

Kuhusu shangazi, mpe heshima yake, kisha mweleze mambo mawili. Kisheria, hakimiliki ya mchoro nchini Kenya hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Waterhouse alifariki mwaka 1917, na Botticelli mwaka 1510. Hakuna unayemwibia. Wizi ungekuwa kuinakili kazi ya msanii aliye hai ukaiuza, au kuweka sahihi yako ukajifanya umeitunga wewe. Nyuma ya ubao andika kwamba ni nakala, ya picha gani, ya nani, na mwaka gani umeifanya. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, limewaruhusu wanaonakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, kwa sharti kwamba nakala isilingane ukubwa na ya asili, na wewe kwa sentimita 30 umeshalitimiza.

La pili ni huyo tembo. Ile bustani ya Titian yenye watoto wa mabawa, mchoraji Rubens aliinakili katika miaka ya 1630, akiwa mtu mzima, mwenye jina Ulaya nzima na wanafunzi wake mwenyewe. Nakala yake iko Stockholm. Ukiziweka pamoja utaona nyama ni za Rubens, mwendo ni wa Rubens, wala hakupasuka popote. Na hapa kwetu, Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, na mwenye macho huona katika picha zake kwamba amekaa sana mbele ya kazi za Titian na za Goya, mchoraji wa Uhispania. Anachosimulia ni mambo ya Afrika Mashariki. Hodari wa brashi hawajawahi kuona haya kuiga. Walioona haya ni wale waliotaka tuamini wamezaliwa wakijua.

Kuuza nakala? Unaweza, lakini singeharakisha. Isipakwe vanishi kabla ya miezi sita hivi kwa tabaka nyembamba, na mwaka kwa nene, kwa sababu kukauka kwa juu si kukauka kwa ndani. Mteja akiitaka Idi ijayo na wewe umeimaliza mwezi huu, mwambie ukweli huo.

Mwisho, ni lini umtafute mtu wa ana kwa ana. Mambo ya kukauka, ya msingi wa ubao na ya kuchanganya rangi unaweza kuyamaliza peke yako kwa kusoma na kujaribu. Mwanga na giza ni vigumu zaidi, kwa sababu jicho halijioni. Ukifanya lile zoezi la amba mara mbili au tatu na bado, ukisimama nyuma, Psyche hatoki ukutani, usiongeze la nne. Tafuta mchoraji yeyote anayetumia mafuta, muulizie wakati wa maonyesho au kwa wale wenye vibanda vya picha, umwombe saa moja tu ya kukaa kando yako ukichora. Mlipe. Usimtumie picha kwa simu ukitarajia akusahihishe, maana kamera huongeza mwanga panapo giza na hugeuza kijani ipendavyo yenyewe. Mpelekee ubao wenyewe, zile chapa mbili, na hiyo kanvasi ya Primavera pia, hata kama umeshaikwangua. Kwenye alama za penseli zilizobaki ataona kwa dakika tano mkono wako unaanzia wapi, na saa iliyobaki ataitumia kukuonyesha usipopaona.